Pingili Arobaini

Mama alianza na Makutupora,
nyekundu, ngozi ngumu kama kisigino cha mchunga ng'ombe,
kwa kuwa haiogopi jua la Mpunguzi
wala upepo wa Julai unaobeba vumbi
na kulilaza juu ya uji.
Cheni ilifuata, mistari sita,
nyeupe, deko nyingi.
Ukichelewesha salfa siku mbili
ubwiri unaipaka unga kama vijana wa jandoni.
Sira alipewa na bwana shamba, miche kumi na miwili,
akaambiwa: hii ndiyo wanayoililia wenye viwanda.
Mama akamjibu kwa Kigogo maneno
ambayo bwana shamba, mtu wa Moshi,
aliyaandika kama shukrani.

Baba alisema zabibu haisongwi ugali.
Alitaka uwele.
Mwaka wa njaa alishika shoka, akafika mstari wa tatu,
akakuta mzabibu unalia:
maji yanadondoka pale ulipopogolewa,
tone, halafu tone,
na mvua haijaonekana miezi minane.
Akasimama. Akakinga kidole, akaonja.
Akarudi ndani na shoka lake.
Hakutuambia kamwe yalikuwa na ladha gani.

Mara mbili kwa mwaka tulivuna,
Machi na Agosti, vidole vikinata, nyigu wakitudai.
Mimi nilishika daftari la mizani:
kreti, kilo, jina la mnunuzi.
Mbukwa wa lori la bluu alikuja na kipima sukari,
anakamua tone, anafumba jicho moja,
anasoma: kumi na saba.
Yeye anataka ishirini.
Mpe jua wiki moja, alisema mama.
Tukampa jua wiki moja.
Kwelea wakaja alfajiri, wakala mistari minne.
Wao hawakupima kitu.

Miaka thelathini akipogoa,
mvinyo aliujua kwa kulowesha midomo tu,
Jumapili za ushirika,
kikombe kikipita upesi mbele ya kanga za wanawake.
Siku moja nilimletea chupa kutoka mjini.
Aliigeuza, akasoma mbele, akasoma nyuma,
akaisogeza dirishani.
Unatafuta nini, mama?
Natafuta Mpunguzi.
Haikuwepo.
Akanywa kipimo cha kifuniko, akakunja uso:
Hii wameivuna mapema.
Chupa iliyobaki akaitia mafuta ya taa.

Mwezi wa tano wakaja wapimaji wa viwanja.
Wakachimbia bikoni ya zege katikati ya Cheni,
namba wakaipaka rangi kwenye nguzo ya mwisho.
Mji unakuja, bibi, walisema kwa adabu,
wakala vichala viwili, wakashukuru.
Mama hakugombana.
Msimu ule alipogoa akiizunguka,
akaiacha bikoni imevaa majani
hata wapimaji waliporudi
walizunguka shamba asubuhi nzima wakiitafuta.
Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka,
Sechelela, ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa,
mkasi mapajani.

Jana nimekwenda na mkasi uleule.
Makutupora nimekata pingili thelathini,
Cheni kumi,
kila pingili macho matatu, chini mkato wa mshazari,
kama alivyonifundisha kwa kunipiga vidole.
Nimezifunga kwa kanga iliyolowa, nikazitia kirobani.
Ndahani ana kipande Hombolo, karibu na bwawa.
Maji yake yana chumvi kidogo.
Sijui kama Cheni itakubali.

Sira nimeisahau.
Nimekumbuka nikiwa stendi,
kiroba kinadondosha maji kwenye viatu vya watu,
na tingatinga, waliniambia, linaanza Jumatatu.
Mwanamke mmoja akanigusa bega:
Dada, kuni hizo unauza bei gani?
Nikafungua kiroba, nikasogeza kanga,
nikamwonyesha macho.